Karafuu Hailiwi
Bibi yangu, mzaliwa wa Pemba, aliuita mhogo "chakula cha vita". Nilidhani mzaha. Kumbe mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, na Zanzibar, iliyozoea mchele wa huko, ikabaki na karafuu tele na wali haba. Watu wakarudi kwenye mhogo.

Baada ya Mapinduzi, Karume alitaka visiwa vijilishe. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mchele, sukari na unga wa ngano vilikuwa vya mgao, watu foleni, huku fedha za karafuu zikirundikana kwenye akiba ya serikali. Hapo ndipo ninaposhindwa kumtetea.

Biashara ilipofunguliwa 1984, mchele ulijaa madukani, mwingi ukiwa wa meli. Bibi aliununua, lakini mhogo wake nyuma ya nyumba hakuung'oa.