Vidole viwili vya Mwenda Jean Bosco

Vijana ninaofanya nao kazi hapa Kator wanapeana kwenye simu albamu ya John Petrucci, yule Mmarekani wa Dream Theater. Inaitwa Terminal Velocity, ilitoka 2020. Nyimbo 9 za metali, hakuna anayeimba hata neno. Gitaa linakimbia, besi na ngoma zinalifukuza. Basi wanasema gitaa la kujisemea lenyewe ni kitu cha Wazungu.

Hapana jamani. Mwaka 1952 huko Jadotville, mji wa Katanga ambao leo ni Likasi, Hugh Tracey alimrekodi kijana Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Gitaa kavu, umeme hakuna. Kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinatembea juu na sauti nyembamba. Vidole viwili tu! Petrucci ana mpiga besi na mpiga ngoma pembeni (sio kosa, ndio muziki wao). Sikiliza Masanga: gumba lina hesabu yake, shahada ana yake, mpaka unamtafuta mtu wa pili amejificha wapi.

Bosco aliimba pia, tena kwa Kiswahili. Lakini wapiga gitaa walifuata vidole. David Rycroft alikaa akayaandika mapigo yake kwa noti, na 1969 Bosco alipiga Newport, Marekani. Alifariki 1990, ajali ya gari Zambia.

Bila mashine ya Tracey tungesikia nini? Kambini wapo wazee wanaopiga gitaa kavu jioni. Simu zetu zote zina kinasa sauti. Sijaona aliyekibonyeza.