Meli ya vita iliyozikwa mlangoni mwa Malagarasi

Mvua inayonyesha kwenye vilima vya Kibondo na Kasulu huishia mto Malagarasi. Mto huo huzunguka safari ndefu, hupita vinamasi vya Moyowosi, kisha hugeuka magharibi na kumwaga maji yake Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kigoma. Karibu na mlango wake, Julai 26, 1916, Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe meli kubwa kuliko zote ziwani. Ziwa liko mbali na kwetu Nyakitonto, Kasulu, lakini meli hiyo ni yetu pia.

Ilizaliwa kwa jina la Graf von Götzen, mwaka 1913, katika karakana ya Meyer mjini Papenburg, Ujerumani. Ikafunguliwa vipandevipande, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa treni. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Mafundi watatu, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, pamoja na vibarua wenyeji, wakaiunga upya bati kwa bati, ribiti kwa ribiti. Februari 5, 1915 ikashushwa majini. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha kuwaka, hivyo chombo cha abiria na mizigo kikafungwa mzinga wa milimita 105 uliookolewa kutoka manowari Königsberg, iliyoangamia kwenye delta ya Rufiji.

Ng'ambo ya pili, Wabelgiji wa Kongo hawakuwa na meli ya kuikabili. Walichopata ni ndege. Uingereza iliwapa Short 827 nne, ndege zenye maboya chini badala ya magurudumu. Zilishushwa Matadi, zikavushwa Kongo nzima kwa reli na kwa mto hadi ukingoni mwa ziwa. Juni 1916 zikaanza kuangusha mabomu Kigoma, huku jeshi la Wabelgiji likisonga mbele nchi kavu.

Kamanda wa meli, Gustav Zimmer, aliona Kigoma haishikiki tena. Meli isiangukie mikononi mwa adui. Hapa ndipo hadithi hii inaponishika kila ninapoirudia: mafundi hawakuilipua. Waliipaka mitambo grisi nene ili maji yasiile, wakaijaza meli mchanga, wakaiacha ishuke taratibu hadi chini. Anayepaka grisi mashine anayoizamisha anajua kwamba siku moja itainuliwa.

Wabelgiji waliiinua mwaka 1918, ikazama tena bandarini Kigoma. Waingereza wakafaulu mwaka 1924. Miaka minane baada ya kuzamishwa, mitambo ilikutwa bado inafaa, na Mei 16, 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa ambalo Livingstone aliliandika alipofika upande wa kusini.

Ulaya, ndege au manowari ya vita vile ikipatikana mara nyingi hukarabatiwa mpaka irudi ilivyokuwa siku ya kwanza, kisha huwekwa ndani ya jumba la makumbusho, isiruke wala kuelea tena. Liemba ilichukua njia nyingine. Miaka ya 1970 mvuke ulipisha injini za dizeli, na mwaka 1993 ikafanyiwa ukarabati mkubwa kwa msaada wa Denmark. Wapo wanaosikitika kwamba asili imepotea. Mimi nasema ganda lile la Papenburg limeishi kwa sababu lilifanya kazi. Kati ya Kigoma na Mpulungu, Zambia, vijiji vingi havina gati. Meli ilikuwa ikisimama mbali kidogo, maboti yakiisogelea ubavuni, na kina mama wakipokezana watoto, magunia ya dagaa na madumu ya mawese, huku mawimbi yakipandisha na kushusha boti.

Kisha ukaja Mei 2015. Makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya ziwa na mlima, na kipindupindu kikawafuata humo. Liemba ilikwenda na kurudi, watu wapatao 600 kwa safari, ikiwashusha Kigoma. Kutoka hapo mabasi yaliwapandisha milimani hadi kambi ya Nyarugusu, humu humu Kasulu. Waliopanda meli iliyojengewa wakoloni na kufungwa mzinga wakawa majirani wa Nyakitonto. Ndiyo maana nasema ni yetu.

Mwaka 2018 ilisimama kwa uchakavu. Novemba 2023 ukasainiwa mkataba wa kuikarabati upya, kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 32. Fedha hizo zina haki yake: meli irudi majini, ibebe watu.

Lakini nina ombi kwa wenye mamlaka. Kila bati kuukuu na kila ribiti inayotolewa isiishie kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Tengeni chumba kimoja tu bandarini Kigoma, vipande hivyo viwekwe humo na maelezo ya Kiswahili: makasha, mzinga, ndege za maboya, grisi, Kagunga. Na walimu wa Nyakitonto wapewe basi, wawapeleke wanafunzi wavishike kwa mikono yao.