Vitamini D pekee haipevushi yai

WANAWAKE wengi wenye tatizo la vivimbe vingi kwenye ovari, ambalo madaktari hulifupisha kwa herufi PCOS, hununua vidonge vya vitamini D wakitumaini kushika mimba. Matumaini hayo yana chanzo chake, ila ushahidi uliopo hauyatoshelezi.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa takriban mwanamke mmoja kati ya kumi walio katika umri wa kuzaa ana tatizo hilo, na kwamba hadi asilimia 70 ya wenye nalo hawajui. Jina lenyewe linapotosha kidogo. Vinavyoonekana kwenye kipimo cha ultrasaundi si uvimbe wa kukatwa, bali ni vifuko vidogo vya mayai ambayo hayakupevuka. Homoni za kiume huwa zimezidi, na mara nyingi mwili huwa hauitikii vyema insulini. Hedhi hupotea kwa miezi, na yai lisipotoka mimba haiwezi kutungwa.

Vitamini D iliingia katika mjadala huu kwa sababu ovari na mji wa mimba vina vipokezi vyake. Uchambuzi uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulionyesha kuwa wagonjwa wa PCOS waliokuwa na upungufu wa vitamini hiyo walipevusha mayai na kujifungua kwa kiwango kidogo kuliko wenzao, ingawa wote walitibiwa.

Hata hivyo, mambo mawili kutokea pamoja hakuthibitishi kwamba moja ndilo lililoleta jingine. Unene, ambao ni wa kawaida kwa wenye PCOS, hupunguza vitamini D katika damu na pia huvuruga upevukaji wa mayai. Watafiti wa Italia walilipima jambo hili kwa njia iliyo makini zaidi. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2021, wanawake 630 wenye vitamini D ndogo, waliokuwa wakijiandaa kupandikizwa mimba, walipewa ama dozi moja ya yuniti 600,000 ama dozi bandia isiyo na dawa. Waliopata mimba walikuwa asilimia 37 kwa waliomeza vitamini, na asilimia 40 kwa wasiomeza. Utafiti huo haukuwa wa wenye PCOS peke yao, na washiriki hawakuwa wanene, lakini unatosha kumtahadharisha anayeahidi muujiza.

Dawa yenye ushahidi imara ni letrozoli, iliyotengenezwa awali kwa ajili ya saratani ya matiti. Mwaka 2014, katika utafiti wa wanawake 750 nchini Marekani, asilimia 27.5 ya walioitumia walijifungua watoto hai, dhidi ya asilimia 19.1 ya waliotumia klomifeni. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unaiweka mbele. Kwa mnene, kupunguza uzito hata kidogo huweza kurejesha hedhi.

Mwenye upungufu uliothibitishwa na kipimo cha damu anastahili kutibiwa, walau kwa ajili ya mifupa yake, hata kama anaishi penye jua: anayeshinda ofisini au aliyejisitiri mwili wote hulipata kwa uchache. Kwa kawaida mtu mzima huhitaji yuniti 600 kwa siku, na asivuke 4,000 bila agizo la daktari, kwani ziada hupandisha kalsiamu katika damu na kuweza kudhuru figo.

Mwenye umri wa chini ya miaka 35 hushauriwa kumwona daktari baada ya kutafuta mimba kwa mwaka mmoja, na aliyefikisha 35 baada ya miezi sita. Asiyepata hedhi kwa mpangilio hana sababu ya kusubiri muda huo. Mume naye apimwe mbegu tangu mwanzo.