Njia ya Nyika: Ardhi Waliyoikanyaga Walioleta Injili Kilimanjaro

Historia ya sharika za Kilimanjaro kwa kawaida huanza na majina ya wamisionari na miaka waliyofika. Ni haki kufanya hivyo. Hata hivyo, kati ya pwani na mlima kuna mwendo wa kilometa zipatazo 300, na ugumu wa mwendo huo ulitegemea hali ya ardhi kuliko umbali wenyewe.

Njia ya kutoka Mombasa na Rabai iliingia kwanza katika Nyika, nchi ya miiba na udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi udongo huo hukauka na kushikamana, mguu ukapita bila kuzama. Shida ilikuwa maji. Huko Taru hakuna mto wa kudumu. Wasafiri walitegemea ngurunga, yaani mashimo ya miamba yanayokusanya maji ya mvua. Ngurunga zikikauka, msafara haukuwa na hiari ila kukaza mwendo, hata usiku, kuielekea milima ya Taita.

Mvua zikinyesha, mambo hugeuka. Ngurunga hujaa, lakini njia huteleza. Mabondeni, penye udongo mweusi wa mfinyanzi, tope hunata miguuni hata kila hatua ikawa kazi. Mpagazi aliyejitwika mzigo kichwani akiteleza, mzigo huanguka pamoja naye. Nguo hulowa, moto hauwaki, na homa hufuata.

Basi msafiri alikuwa kati ya kiu na tope. Johannes Rebmann, Mjerumani wa Württemberg aliyesomeshwa Basel na kutumwa na chama cha misioni cha CMS cha Uingereza, alifunga safari tatu za Uchagani kutoka Rabai: Aprili 1848, Novemba 1848 na Aprili 1849. Zote tatu zilianza katika miezi ya mvua, masika au vuli. Katika safari ya kwanza, akiongozwa na Bwana Kheri, aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Huko London mwanajiografia W. D. Cooley alikanusha habari hiyo kwa miaka mingi. Aliyekanusha alikuwa ameketi kitini. Aliyeshuhudia alikuwa amekwenda kwa miguu. Lakini masika yalidai malipo yake. Katika safari ya tatu Rebmann alipoteza mali yake Machame, naye akarudi Rabai kwa njia iliyolowa, mwili ukiwa umedhoofika kwa ugonjwa.

Wamisionari wa Leipzig walipokuja mwaka 1893, walifika Machame karibu na mwanzo wa Oktoba. Maana yake ni kwamba waliivuka Nyika mwishoni mwa kiangazi, kabla ya vuli. Ardhi iliwapokea ikiwa kavu, na hofu yao ilikuwa kiu.

Walipofika mlimani walikuta ardhi ya namna nyingine. Udongo wa volkano una rutuba na hulisha migomba, lakini ukinyeshewa huteleza kama sabuni. Tena mlima umekatwa na makorongo marefu yashukayo kutoka juu. Anayetoka Machame kwenda upande wa Kibosho hukutana na bonde la Weruweru. Mahali panapoonekana karibu kwa macho huweza kuwa mbali sana kwa miguu, kwa kuwa ni lazima kushuka hadi mtoni na kupanda tena, na masika mto wenyewe huzuia.

Katika vitabu vingi wapagazi hutajwa kwa idadi, kama mizigo waliyoibeba. Lakini wao ndio waliojua mahali pa kukanyaga na ngurunga ipi ingali na maji. Bila maarifa hayo hakuna Biblia wala dawa ambayo ingefika.

Mwaka 1911 reli kutoka Tanga ilifika Moshi, na wageni hawakulazimika tena kuivuka Nyika kwa miguu. Makorongo hayakupata reli. Wainjilisti waliendelea kushuka na kupanda, fimbo mkononi, na wakati wa masika viatu walivibeba begani.