Siku ya Kibubu

Kila ifikapo Desemba 26 huizima redio mapema, maana najijua. Mtangazaji atatutakia heri ya "Siku ya Kufungua Zawadi", tafsiri ya "Boxing Day" ambayo wakubwa fulani wa lugha waliibariki bila kuuliza nani anafungua nini. Waingereza zawadi zao huzifungua Krismasi yenyewe. Kesho yake yamebaki makaratasi. Afadhali mapromota wetu wanaotuandalia ngumi siku hiyo: hao angalau wamekosea kwa faida.

Boksi linalotajwa halina undugu na masumbwi. Limetoka kwa Kilatini buxus, mti mgumu uliochongwa vikebe, ambao Wayunani waliuita pyxos. Lakini boksi lililoipa siku hii jina halikuwa la mbao wala la karatasi. Lilikuwa la udongo. Wanagenzi wa London walikuwa na chombo chenye tundu. Msimu wa Krismasi wateja walitumbukiza sarafu, kisha kikavunjwa wakagawana. Samuel Pepys aliandika katika shajara yake, Desemba 19, 1663, kwamba alimlipa fundi wake wa viatu, akawatilia vijana chochote kwenye boksi lao. Sheria iliyosukumwa na John Lubbock mwaka 1871 ndiyo iliyoifanya siku ya mapumziko.

Udongo, tundu, sarafu, kuvunja. Haya, msomaji, chombo hicho kwenu chaitwaje? Kwetu ni kibubu, na mimi nasikia humo bubu: humeza, hakisemi kimemeza ngapi. Neno lipo, lina umbo, lina ngeli. Niliposimama kulipendekeza katika kikao kimoja, mjumbe akasema kibubu ni mambo ya watoto. Mwingine akauliza chai iko wapi. Kwenye muhtasari sikuonekana hata kama mhudhuriaji.

Marehemu babu asingecheka. Alimpikia ofisa wa Kiingereza kule Tanga, na kila tarehe hiyo alikabidhiwa bahasha na shati lililochakaa kola. Aliiita "bakshishi ya boksi". Hakufungua zawadi yoyote, wala hakupigana na mtu. Alipokea haki ya mtumishi, ileile ya wale vijana wa fundi viatu, akaenda zake sokoni.

Matumizi: "Ofisi itafungwa Siku ya Kibubu." K kubwa, tafadhali.