Mumiani au Chinjachinja?

Mfasiri akikutana na filamu ya Kimarekani kama The Texas Chain Saw Massacre (1974), ambamo vijana waliokosa petroli safarini huuawa na jamaa wa nyumba ya upweke, huelekea kuiita filamu ya mumiani. Kihistoria, tunaona amekosea.

Mumiani ni neno la asili ya Kiajemi, na hapo kwanza lilikuwa jina la dawa nyeusi mithili ya lami. Kamusi ya Krapf (1882) yaeleza kwamba watu waliamini Wazungu huitengeneza kwa damu ya binadamu. Mumiani, basi, ni mgeni, tena mwenye soko la damu. Mzee wa Mlingotini, kusini ya Bagamoyo, akiambiwa pana mumiani, atamwogopa mpita njia. Katika filamu hizi mpita njia ndiye apaswaye kumwogopa mwenyeji. Hodi yake ndiyo mauti yake.

Sisi twapendelea "filamu za chinjachinja". Neno hilo nalo limepata kutumiwa kwa mumiani, hatukatai. Lakini lataja tendo tu, si biashara, na kurudiwa kwa shina kwaonyesha mauaji yasiyokoma. "Mchinjaji" hatufai, maana huyo ni mtu wa kazi halali. Ingawa, kusema kweli, jamaa wa filamu ile walikuwa wametoka machinjioni.