Kusia mbegu za mboga ndani ya nyumba

Kusia mbegu za mboga ndani ya nyumba ni njia ya kuotesha miche mahali penye joto wakati nje bado ni baridi, kisha kuihamishia bustanini majira ya kuchipua. Hutumika sana Ulaya na Amerika ya Kaskazini. Katika jiji la Minneapolis, Marekani, jalidi huweza kuanguka hadi Mei, na nyanya iliyosubiri kupandwa nje ingechelewa kuzaa.

Hesabu huanzia tarehe ya kawaida ya jalidi ya mwisho, kurudi nyuma: nyanya wiki 6 hadi 8, pilipili hoho 8 hadi 10. Kuwahi mno hakuna faida, kwani miche hurefuka na kubanana mizizi. Mbegu za nyanya huota vizuri kwenye nyuzijoto 21 hadi 27 za Selsiasi.

Tatizo kubwa ni mwanga. Dirisha la Machi mara nyingi halitoshi. Miche huinama kuufuata na shina huwa jembamba, hivyo huwekewa taa kwa saa 14 hadi 16 kwa siku, sentimita chache juu ya majani. Unyevu uliozidi huleta kinyausi, ugonjwa unaoozesha shina usawa wa udongo. Kinga yake ni trei safi na umwagiliaji wa kiasi. Mche ulioanguka hauponi.

Kabla ya kuhamishwa, miche huzoeshwa jua na upepo kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10. Karoti husiwa moja kwa moja bustanini, kwa sababu mzizi wake huharibika ukihamishwa.